Katoni Mbele ya Rejeta

Siku hiyo mjinga alikuwa Lyle Teague, na ni heri tulimalize jambo hilo mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine. Wagombea walikuwepo, tena wenye sifa zao, lakini Lyle aliwashinda wote kabla hata hajatoka uani.

Ujinga wenyewe ulikuwa katoni. Upande ule wa Montana, chini ya milima, mtu anayelisha ng'ombe alfajiri ya Februari huweka katoni mbele ya rejeta ya pikapu yake. Asipoweka, injini haipati joto, barafu ya kioo haiyeyuki, na vidole vyake vinagandia usukani. Kila mtu anaweka. Lakini ya Lyle ilikuwa katoni ya kifahari. Ilitoka kwenye friza aliyomnunulia mkewe Janelle kama zawadi ya Krismasi, zawadi ambayo mama mkwe alikuwa ameizungumzia kwa kirefu na hakuna neno zuri lililotoka. Lyle aliikata kwa kipimo, akaifunga kwa waya kila pembe, kisha katikati akatoboa dirisha la mviringo ukubwa wa sahani, ili injini ivute pumzi. Dirisha lile alilipenda. Alilinakshi kingo kwa kisu cha kuchunia, na mgeni akifika shambani alionyeshwa dirisha kabla ya kukaribishwa kahawa.

Kitu ambacho Lyle hakukifikiria ni kwamba pikapu yake ilikuwa na rejeta mbili. Kubwa ni ya injini. Mbele yake, chini, upande wa dereva, kulikuwa na nyingine ndogo, nyembamba kama kitabu cha shule, ambayo kazi yake duniani ni moja tu: kupoza oili ya giaboksi. Giaboksi ya otomatiki haina ugomvi na mtu mpaka oili yake ichemke. Ikichemka, haisamehe. Dirisha la Lyle lilikuwa katikati. Ile rejeta ndogo ilikuwa gizani tangu Januari, nyuma ya maandishi yanayosema UPANDE HUU JUU.

Na baridi ilipokuwa baridi, hakuna lililoharibika. Lakini siku hiyo ya Machi chinuki, ule upepo wa joto unaoporomoka kutoka milimani, ulikuwa umevuma usiku kucha. Kufikia adhuhuri theluji uani ilikuwa imegeuka uji, mbwa amelala juani na ulimi nje, na Lyle amevaa fulana. Pikapu ilikuwa bado imevaa koti lake la katoni.

Ndipo mtamba akakwama.

Alikuwa mtamba mwekundu, mimba yake ya kwanza, mali ya mama mkwe, Verna Tollefson. Shamba lilikuwa la Verna, ng'ombe wa Verna, hata mbwa alikuwa wa Verna. Lyle alikuwa mume wa Janelle, na Janelle alishinda mjini kazini, kwa hiyo mchana kutwa wale wawili walibaki peke yao kama paka wawili ndani ya gunia. Verna hakuwa na desturi ya kuwapa ng'ombe majina. Huyu mtamba alimlea kwa chupa jikoni baada ya mama yake kupigwa na radi, akamwita "wewe". Kwa Verna hilo lilikuwa jina la mapenzi. Lyle yeye aliitwa majina mengi zaidi.

Kwato mbili za ndama zilikuwa nje, nene kama vikombe. Kichwa hakikuja. Walijaribu minyororo, walijaribu jeki ya kuvutia, mtamba akapiga magoti na kulia. Verna akampigia simu daktari wa mifugo ng'ambo ya mlima. Daktari Pruitt alikuwa amemfungua ng'ombe mwingine mezani na hakuweza kumwacha.

"Mleteni," alisema. "Nitampasua hapa. Ila msikae njiani. Akichoka mama, ndama ndiye anayetangulia kufa."

Wakampandisha mtamba kwenye tela. Verna akazunguka mbele ya pikapu, akasimama, akaitazama katoni.

"Itoe hiyo."

"Mama, asubuhi kulikuwa na baridi."

"Sasa si asubuhi."

"Ina dirisha."

"Hata banda la kuku lina dirisha. Itoe, Lyle. Tunapanda mlima na tela."

Kuitoa kungemchukua muda mfupi tu, kufungua waya pembe nne. Lyle alijua. Lakini tangu Novemba mama mkwe alikuwa amemwambia jinsi ya kufunga lango, jinsi ya kumwaga majivu, na Jumapili iliyopita jinsi ya kupaka siagi kwenye mkate. Mtu ana mwisho wake, na mwisho wa Lyle ulikuwa ile katoni.

"Pikapu ni yangu," akasema, akawasha.

Ilikuwa kweli. Ndiyo iliyokuwa kitu pekee pale chenye jina lake.

Bondeni walikwenda vizuri. Verna alikaa mikono mapajani, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Nyuma, mtamba aligonga ubavu wa tela mara kwa mara, na kila alipogonga Verna alifumba macho kidogo. Kisha barabara ikainua pua.

Chini ya dashibodi kulikuwa na geji ndogo ambayo mwenye gari wa kwanza aliifunga ili kupima joto la oili ya giaboksi. Msimu mzima wa baridi mshale wake ulilala chini kabisa bila kutikisika, na Lyle alikwisha kutangaza kwamba umekufa. Akatundika glavu zake hapo. Verna alizishika glavu ili apanguse kioo, akainama.

"Lyle. Huyu maiti wako amekaa kitako."

"Hiyo geji mbovu."

"Ilikuwa mbovu ilipolala. Sasa inatembea."

"Kitu kibovu hakina ratiba, mama. Tazama hii hapa." Akagonga geji ya injini kwa kucha. "Katikati kabisa. Injini imetulia. Dirisha linafanya kazi."

Barabara ikazidi kusimama. Giaboksi ikapanda gia, ikaona mzigo, ikashuka, ikajuta, ikapanda tena. Kila ilipobadili nia pikapu ilishtuka, na tela likaisukuma kwa nyuma kama mtu mwenye haraka kwenye foleni.

"Weka gia ya chini, uifunge hapo," Verna akasema.

"Itanguruma."

"Acha ingurume. Kunguruma si ugonjwa."

"Hii ni otomatiki. Inajichagulia yenyewe. Ndiyo maana nikainunua."

"Inachagua, inaghairi, inachagua tena. Kama wewe mbele ya rafu ya kahawa. Na kila ikighairi inaipika oili." Akainama tena. "Sasa amesimama, maiti wako."

"Nani?"

"Mshale! Sasa anatafuta mlango wa kutokea. Simamisha gari."

"Umetaka tuharakishe, umetaka tusimame. Chagua moja, mama, maana na wewe unaghairi."

Lilikuwa jibu zuri, na Lyle alilifurahia kwa urefu wa kona moja. Kona iliyofuata harufu iliingia, harufu ya sukari iliyosahauliwa jikoni. Injini ikapiga kelele ghafla, kelele kubwa ya bure, kama mtu anayekimbia huku ameinuliwa juu. Pikapu haikuongeza mwendo. Lyle akakanyaga. Kelele ikapanda, mwendo ukashuka. Kwa bahati palikuwa na upana kando ya barabara, pale malori hufungia minyororo ya tairi, akajiburuza hadi hapo, na moshi mweupe ukatoka chini ya miguu yao.

Akazima injini.

"Usizime!" Verna akapaaza sauti. "Iache iungurume gari limesimama! Pampu ya giaboksi inazungushwa na... umezima."

"Linaungua, mama!"

"Kinachoungua ni oili uliyoitapisha juu ya silensa. Iliyobaki ndani ungeizungusha ipoe. Sasa imekaa inajichemkia kama supu."

Lyle akashuka, akafungua boneti, akatazama rejeta kubwa. Hakuna mvuke. Hakuna tone. Na hapo, mbele ya moshi, na ng'ombe akilia nyuma, mtu huyu akatabasamu.

"Ona! Injini nzima kabisa! Nilikwambia dirisha..."

Verna alichomoa kisu mfukoni, akakata waya pembe zote, akaing'oa katoni na kuitupa chini. Rejeta ndogo ikatokea, kavu, nyeusi kwa vumbi la majani. Akaitemea mate. Mate yakaruka yakipiga kelele kama mafuta kwenye kikaango.

"Na hii je?" akauliza. "Hii uliidhani nini? Pambo?"

Lyle akaitazama. Ukweli ni kwamba alikuwa ameiona mara nyingi. Alidhani ni ya kiyoyozi, na kiyoyozi Machi hakina kazi. Lakini hakusema, kwa sababu aliona jinsi itakavyosikika.

"Nani anaweka kitu cha maana pahali pa kijinga kama hapo?" akasema badala yake.

"Pahali penye upepo? Wajinga kweli."

Verna alikuwa ameendesha lori la nyasi kwenye mlima huo enzi za marehemu mumewe, na hakuhitaji kuulizwa la kufanya. Akamkabidhi mkwewe ndoo. Lyle akachota theluji iliyosalia kivulini mwa mwamba, akaishindilia juu ya ile rejeta, ikalia na kuyeyuka, akachota tena. Verna akawasha injini, akaiacha ingurume gari limesimama, feni ikivuta. Mshale ukaanza kushuka, polepole, kwa kinyongo. Walipoingiza gia, pikapu haikufanya lolote. Oili iliyotapika ilikuwa nyingi mno. Lyle akatafuta nyuma ya kiti: minyororo, kamba, soda iliyopasuka kwa baridi, kopo la oili ya injini. Oili ya giaboksi hakuna. Simu haina mtandao. Mtamba akalia sauti ndefu yenye mtetemo mwishoni, na Verna akageuza uso.

Ndipo ikaja pikapu kutoka bondeni, ya kijani, na Lyle akaitambua kutoka mbali akaomba iwe ya mtu mwingine yeyote, hata ya polisi.

Ilikuwa ya Gus Petrak, jirani. Hawakuwa wamesemezana tangu Juni. Juni hiyo fahali mweupe wa Gus, mnyama mwenye mabega kama kabati, alivuka uzio kwenye pengo na kukaa na mitamba ya Verna mchana mzima bila kualikwa. Sasa, kule majirani wakigawana uzio, husimama katikati yake wakitazamana, na kila mmoja hutengeneza upande ulio mkono wake wa kulia. Ni desturi rahisi, mtoto anaielewa. Ila pengo lilikuwa pale pale katikati, na katikati kulikuwa na nguzo iliyooza ambayo Gus aliapa ni ya Lyle na Lyle akaapa ni ya Gus. Yule ndama mwenye kwato kama vikombe alitokana na nguzo hiyo.

Gus alisimamisha gari, akashusha kioo nusu. Alikuwa mzee mwenye mashavu mekundu na subira ya mwindaji.

"Umechagua pahali pazuri pa kupumzika, Teague. Mandhari."

"Pita tu, Gus."

"Asipite!" Verna akasema.

Gus akagusa ukingo wa kofia. "Bi Verna."

"Gus. Nina mtamba humo ndani, amekwama na ndama. Pruitt anamngoja. Funga hili tela kwako utuvute."

"Bila shaka, bibi." Gus akashuka. Akaitazama katoni iliyolala kwenye matope, akaigeuza kwa ncha ya buti, akaliona dirisha. Akachuchumaa. "Ebu. Hii ni kazi ya mikono. Imenakshiwa."

"Iache," Lyle akasema.

"Hapana, kweli. Umeiwekea injini dirisha na giaboksi ukaiwekea ukuta. Ulikuwa unaioka iwe mkate?"

"Ndama aliyekwama ni wa fahali wako, mzee! Kichwa kama pipa! Ungemfunga mnyama wako nisingekuwa hapa!"

"Aa." Gus akasimama taratibu. Uso wake ukapoteza mzaha wote. "Nilikuwa navuta kwa ajili ya Bi Verna na nilikuwa sitaki neno. Sasa nataka. Nitavuta, lakini kwanza utamke kwa kinywa chako kwamba lile pengo lilikuwa upande wako."

"Lilikuwa upande wako!"

"Mkono wangu wa kulia unaishia kwenye nguzo."

"Na wangu unaanzia baada ya nguzo!"

"Simama hapo. Simama! Mimi niko kwangu, wewe uko kwako. Nyoosha mkono wa kulia."

Na wakafanya hivyo. Watu wazima wawili walisimama kando ya barabara kuu, wakitazamana puani, kila mmoja amenyoosha mkono wake wa kulia kama alama za njia panda, na kati yao Gus alisimamisha ndoo iwe nguzo. Lyle akaisogeza ndoo. Gus akairudisha. Lyle akasema wewe na baba yako mlikuwa mkihamisha nguzo tangu enzi za farasi. Gus akasema baba yangu alijenga uzio, wewe ulioa uzio. Lyle akasema rudia. Gus akarudia, akaongeza na ng'ombe. Lori la magogo likapita, dereva akapiga honi, pengine alidhani wanafanya mazoezi ya viungo.

Verna alikuwa amefungua mlango wa tela na kuingia. Hawakumwona akiingia. Alipotoka, mkono mmoja wa shati ulikuwa umekunjwa hadi begani, ngozi imelowa damu na ute, na alikuwa akijifuta taratibu kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu.

"Mkimaliza kucheza ngoma," akasema, "fungeni tela."

"Aseme kwanza," Gus akasema, lakini bila kumtazama.

"Labda lilikuwa katikati," Lyle akasema. "Labda."

"Labda si neno la mwanamume."

"Basi lilikuwa lako. Hilo ni neno."

"Shamba ni langu," Verna akasema. Hakupaaza sauti, na wote wawili wakamgeukia kwa sababu ya kutopaaza kwake. "Uzio ni wangu. Nguzo ni yangu na pengo ni langu, Gus Petrak, na kama unataka nitakuandikia mlangoni kwako kwa rangi. Vuta tela."

Gus akarudisha pikapu yake nyuma, na hapo ikaonekana kwamba mpira wake wa chuma wa kufungia tela ulikuwa mdogo kuliko kikombe cha kuupokea kwenye tela la Verna. Ikabidi wachomoe mpira wa Lyle waufunge kwa Gus. Nati ilikuwa na kutu. Gus alishika spana, Lyle akasema anageuza vibaya, Gus akasema kageuze giaboksi yako. Lyle akashika spana, ikateleza, akajichuna vifundo, Gus akasema aa, sasa ndiyo naona ulivyofunga uzio. Verna alisimama karibu na tela amelaza kiganja kwenye bati, pale ambapo upande wa ndani mtamba alikuwa ameegemea. Hakuwaambia waharakishe tena. Ilikuwa kana kwamba ameacha kutarajia.

Mwishowe tela likafungwa. Gus akatoa chupa za oili ya giaboksi kutoka kwenye sanduku lake na kumtupia Lyle, moja baada ya nyingine, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Usinishukuru," akasema. "Utaniharibia siku."

"Sikuwa na nia."

Wakaondoka, Verna mbele na Gus. Mama mkwe hakugeuka.

Lyle akabaki na upepo. Mdomo wa kutilia oili ulikuwa mwembamba na hakuwa na faneli, kwa hiyo alirarua kipande cha katoni, akakikunja, akamimina. Akaacha injini iungurume huku akipima oili kwa kijiti chake, akaongeza, akapima. Oili kwenye kijiti ilikuwa na rangi ya chai iliyolala. Alipoingiza gia pikapu ikashika, kwa kusita, kama mtu anayekubali mkono wa mtu asiyempenda. Akaifunga gia ya chini. Ikanguruma mlima mzima, ule mngurumo aliouogopa, na mshale wa ile geji iliyokufa ukakaa chini bila kusumbua mtu. Upepo ulipita mbele wazi. Hakukuwa na cha kufanya isipokuwa kuusikia ukipita, na kukumbuka kwamba kufungua waya pembe nne ni kazi ya muda mfupi.

Akatumia safari iliyobaki kutafuta hoja. Alipofika ng'ambo alikuwa nazo kadhaa, na moja aliipenda hasa.

Kwenye zahanati ya mifugo tela lilikuwa tupu. Gus alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ndani, mtamba alisimama kwenye kizuizi, kichwa chini, ubavu umenyolewa na kushonwa kwa uzi mnene, akitikisika lakini yuko hai. Daktari Pruitt alikuwa anaosha mikono hadi begani. Sakafuni kwenye nyasi kavu alilala ndama mkubwa mweupe, amelowa, ulimi umetoka pembeni. Kamba za kumning'iniza kichwa chini zilikuwa bado miguuni mwake, walikuwa wamejaribu kumfanya apumue. Verna alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando yake.

"Mtamba atapona," daktari akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Ndama alikuwa bado na joto lote. Amekufa si zamani."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angeivua kofia na kunyamaza. Lyle alikuwa ametoka nazo mbali zile hoja.

"Angekufa tu," akasema. "Mtazame. Tangu nyumbani alikuwa amekufa, kwa ukubwa huo. Mimi nimepoteza giaboksi, sikumpoteza ndama. Ndama alipotea Juni, fahali wake alipovuka."

"Fahali wangu alizaa," Gus akasema. "Wewe ndiye uliyepika. Ungefika kwa magurudumu yako mwenyewe..."

"Ningefika kama ungefunga tela ulipoombwa! Nani aliyesimama barabarani ananyoosha mkono?"

"Wote wawili tulinyoosha!"

"Wewe ndiye uliyeanza! Na ilikuwa bure, kwa sababu nakwambia alikwisha kufa. Katoni au bila katoni. Uzio au bila uzio. Alikuwa amekufa zamani, muulize mama. Mama, mwambie. Ulimwona nyumbani. Si alikuwa amekwisha kufa?"

Verna alikuwa amemshika ndama chini ya taya, kama mtu anayempangusa mtoto mdomo. Akainua uso, akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila hasira, na hilo ndilo lililowatisha.

"Kule mlimani, mlipokuwa mnapimana mikono," akasema, "niliingiza wangu nikampapasa uso. Alininyonya kidole."